Saa ya Jeshi Iliyoagizwa Ili Itupwe

Oktoba 1964 Jeshi la Marekani lilitoa waraka wa manunuzi uliopewa namba MIL-W-46374. Ulihusu saa ya mkono ya askari wa kawaida, na ndani yake kulikuwa na jambo ambalo fundi saa akilisoma lazima arudie: saa hiyo haikukusudiwa kukarabatiwa. Ikiharibika, itupwe, askari apewe nyingine. Kwa hiyo mashine yake iliruhusiwa kuwa ya bei nafuu, masharti ya usahihi yakalegezwa, na baadhi ya viwanda vikaifungia kwenye kasha la plastiki. Ndiyo saa iliyokwenda na vijana wengi Vietnam.

Leo sura ya saa hiyo inauzwa kwa mamia ya dola. Uso mweusi usiong'aa, tarakimu nyeupe 1 hadi 12, ndani yake duara dogo la 13 hadi 24, mishale mirefu iliyopakwa rangi ya kuwaka gizani, mkanda wa kitambaa. Hamilton wanayo, Seiko wanayo, Timex wanayo, Marathon wa Canada wanayo, na kampuni ndogo za Uingereza zimefufuka kwa ajili yake tu. Wauzaji wanaisifia ugumu na ushujaa. Mimi naona sifa yake iko pengine kabisa. Karibu kila kitu kinachovutia katika uso ule ni jibu la sharti ambalo mtu fulani aliliandika kwenye waraka wa serikali, na anayeinunua leo anapaswa kujua ni masharti gani ambayo saa yake bado inayatimiza na ni yapi yamebaki kuwa mapambo.

Tuanze na mkono wenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mwanamume wa Ulaya aliweka saa mfukoni, ikiwa na mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la kike. Mahandaki yakamaliza ubishi huo. Ofisa mwenye bastola mkono huu na ramani mkono ule hana mkono wa tatu wa kupapasa mfuko wa koti. Na wakati wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa silaha. Mizinga ilipangwa kupiga mstari mmoja wa ardhi, kisha baada ya dakika kadhaa isogeze makombora mbele, na askari wa miguu wafuate nyuma yake. Saa ya ofisa ikitangulia kwa dakika mbili, anawaingiza watu wake chini ya makombora ya jeshi lao wenyewe. Tarehe 1 Julai 1916, kwenye mto Somme nchini Ufaransa, shambulio la Waingereza lilipangwa kuanza saa 1:30 asubuhi, lakini baruti iliyozikwa chini ya Hawthorn Ridge ililipuliwa saa 1:20. Ulikuwa uamuzi wa makamanda, si kosa la saa ya mtu, ila dakika zile 10 ziliwatosha Wajerumani wa upande ule kutoka mashimoni na kushika bunduki zao za rasharasha. Kufikia usiku, katika uwanja mzima wa vita, Waingereza zaidi ya 19,000 walikuwa wamekufa.

Saa za vita hivyo zilikuwa nusu mfukoni, nusu mkononi: kasha la mviringo lililochomelewa vishikio vya mkanda, baadhi zikiwa na wavu wa chuma wa kulinda kioo. Waraka uliokuja kuipa saa ya jeshi sura tunayoijua ni wa Waingereza, kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Wizara yao iliandika inachotaka: uso mweusi, tarakimu za kawaida, rangi ya kuwaka gizani, mstari wa dakika uliogawanywa kama reli, mshale mdogo wa sekunde kwenye duara lake upande wa 6, mashine ya vito 15, kioo kisichopasuka vipande, kasha lisiloingiza maji. Viwanda 12 vya Uswisi vikapewa kazi: Buren, Cyma, Eterna, Grana, IWC, Jaeger-LeCoultre, Lemania, Longines, Omega, Record, Timor na Vertex. Nyuma ya kila saa zilichongwa herufi W tatu, ambazo kwa lugha ya bohari zilimaanisha saa, ya mkono, isiyoingiza maji, na usoni ikachorwa alama ya mshale mpana inayosema kwamba hii ni mali ya serikali. Zilifika 1945, vita vikielekea ukingoni. Wakusanyaji wanaziita Dirty Dozen, jina la filamu ya 1967, na anayetaka seti nzima husumbuka zaidi kuipata Grana, kwa kuwa ndiyo iliyotengenezwa chache kuliko zote.

Zipange hizo 12 mezani uone kitu cha ajabu. Omega na Longines, ambao sokoni walikuwa wakigombea wateja kwa urembo, hapa wanafanana kama watu waliovaa sare. Aliyeamua sura si mchoraji wa kiwanda, ni karani aliyeandika masharti. Weusi wa uso haurudishi mwanga wa jua machoni. Tarakimu zipo zote kwa sababu aliyekesha siku mbili asiachiwe kukisia. Mstari wa reli upo kwa sababu amri haisemi "karibu na robo", inasema dakika ya 17.

Duara la ndani la 13 hadi 24 lilikuja kuenea kwenye saa za Wamarekani za miaka ya 1960, kwa kuwa jeshi halina asubuhi wala jioni katika amri zake. Msomaji wa Kiswahili ana faida yake hapa. Sisi tumezoea tangu utotoni kutazama mshale ulio kwenye 7 na kusema saa moja, kwenye 12 na kusema saa sita. Kuhesabu saa kwa zaidi ya njia moja juu ya uso uleule si kazi ngeni kwetu. Aliyefanya kazi hospitali, bandarini au uwanja wa ndege anasoma na ya tatu, kwamba 19 ni saa moja usiku, bila hata kufikiri. Duara lile la ndani ambalo wengi wanaliona kama nakshi, kwa wenye zamu za usiku linafanya kazi kila siku.

Sasa vuta kifundo cha pembeni, kile cha kutilia ufunguo. Kwenye saa ya kijeshi ya Marekani ya Vita vya Pili, A-11, iliyotengenezwa na Elgin, Waltham na Bulova, ukikivuta mshale wa sekunde unasimama papo hapo. Ukifungua mfuniko na kuweka lenzi jichoni utaona jinsi inavyotokea: kijiti chembamba cha chuma kinasogea na kugusa ukingo wa gurudumu la mizani, lile linalopiga kwenda na kurudi, nalo linatulia kama limeshikwa kidole. Kamani bado imejaa nguvu, gia zote zinasukuma, ila hakuna kinachokwenda. Kiongozi anahesabu, anatamka, kila mmoja anasukuma kifundo ndani, na saa za kikosi kizima zinaondoka kwa sekunde moja. Ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na ndicho kinachotenganisha saa iliyokusudiwa kazi na saa iliyovalishwa nguo za kazi.

Upande wa mkanda nako hakuna urembo. Saa ya kawaida hushikwa na pini mbili zenye springi ndani. Moja ikikatika, saa inaanguka. Waingereza walichomelea vyuma moja kwa moja kwenye kasha, visitoke kamwe. Kwa kuwa mkanda wa kawaida haupiti hapo, ukahitajika mkanda wa kipande kimoja unaopenya chini ya saa na kutokea upande wa pili. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliandika vipimo vya mkanda huo wa nailoni ya kijivu, upana milimita 20. Ndio uliozaa mikanda ya milia na rangi inayouzwa leo kila mahali kwa jina la NATO. Ukiufunga kwenye saa yenye pini za kawaida bado unafaa: pini moja ikikatika, ya pili inaishikilia saa mkononi. Kwa joto la pwani una faida nyingine, maana nailoni huoshwa kwa sabuni ikakauka, ilhali ngozi iliyonyonya jasho la miezi kadhaa huoza na kunuka.

Jambo kubwa zaidi, na ambalo halitajwi katika matangazo, ni mwanga.

Rangi iliyowaka kwenye saa za vita vyote viwili ilichanganywa na radiamu. Mionzi yake hugonga unga wa salfaidi ya zinki, nao hutoa mwanga wa kijani usiku kucha, bila kuhitaji jua wala betri. Mwanzoni radiamu nyingi ilitolewa kwa shida kubwa kutoka madini ya Colorado. Kisha Wabelgiji wakapata Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji tunaouita leo Likasi. Mwamba wa pale ulikuwa na urani nyingi kuliko karibu popote duniani, na radiamu hukaa ndani ya mwamba wa urani. Kampuni ya Union Minière ilisafirisha mawe hayo hadi Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda kilianza kuchuja radiamu mwaka 1922. Muda si mrefu wachimbaji wa Marekani wakafunga, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1920 radiamu ya dunia ilitoka Katanga, ardhi ambayo vibarua wake walielewana kwa Kiswahili. Shinkolobwe inakumbukwa kwa bomu la atomiki la 1945. Nadhani inastahili kukumbukwa pia katika historia ya saa, na sijaona mtengenezaji wa leo anayeitaja pale anaposifu urithi wake.

Walioipaka rangi hiyo waliilipia kwa miili yao. Katika mji wa Orange, New Jersey, kuanzia 1917, wasichana walichora tarakimu kwa brashi nyembamba na wakafundishwa kuinoa ncha kwa midomo. Radiamu hufanana na kalsiamu kiasi kwamba mwili huipeleka kwenye mifupa. Meno yakaanza kutoka, taya zikaoza. Watano kati yao walikwenda mahakamani 1927, na kampuni ikakubali kuwalipa mwaka uliofuata. Kesi yao ni miongoni mwa zilizofungua njia ya sheria za kumlinda mfanyakazi dhidi ya sumu za kazini.

Baada ya radiamu ikaja tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu kiasi cha kutopenya kioo. Saa za Vietnam zilikuwa nayo, ndiyo maana nyingi zina alama ya H3 usoni. Nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na ushei. Marathon bado wanaitumia, ikiwa gesi ndani ya mirija midogo ya kioo. Wengine karibu wote wamehamia kwenye rangi isiyo na mionzi kabisa, iliyoanza Japani mwaka 1993 katika kampuni ya Nemoto. Hii hunywa mwanga wa mchana au wa taa na kuutoa gizani kwa saa kadhaa, ikififia polepole. Haina hatari kwa mvaaji wala kwa mpakaji. Ni maendeleo ya kweli, na kama kungekuwa na sababu moja tu ya kuchagua saa mpya badala ya ya zamani, ningeitaja hii.

Hapa ndipo ninapokosana na mtindo wa siku hizi. Rangi ya radiamu iliyokaa miaka 70 hugeuka kahawia, na mahali pengine huunguza uso wa saa ukaacha doa. Watengenezaji wameipenda rangi hiyo ya uzee, wakaanza kutia rangi ya kahawia kwenye mishale ya saa iliyotoka kiwandani jana. Kupendeza inapendeza. Lakini rangi ya kuwaka ikitiwa kahawia hutoa mwanga hafifu kuliko ile yenye ukijani wake wa asili, kwa hiyo mnunuzi anapoteza kitu ambacho askari alikihitaji ili apate kumbukumbu ya kitu ambacho askari hakukitaka. Vivyo hivyo kwa alama ya mshale mpana inayochorwa kwenye saa ambazo hazijawahi kuingia bohari ya serikali yoyote. Na kasha la milimita 42 au 44 linalouzwa kwa jina la saa ya vita halina historia: nyingi za zile 12 zilikuwa na upana wa milimita 35 hadi 38. Saa ndogo haikwami kwenye mkono wa shati wala haigongi mlango. Waliohitaji saa kubwa ni warusha ndege. Ya Wajerumani ilifika milimita 55 na ilifungwa juu ya koti. Huo ni ukoo mwingine, na pembetatu kwenye 12 ndiyo alama yake, ingawa maduka huzichanganya.

Katika zinazouzwa sasa, Hamilton Khaki Field Mechanical ndiyo iliyosogea karibu zaidi na sura ya Vietnam huku ikiuacha waraka wa 1964 kwa mambo yote ya msingi. Ina milimita 38, hutiwa ufunguo kwa mkono, na kamani yake ikijaa huenda saa 80, kwa hiyo ukiivua Ijumaa jioni utaikuta inakwenda Jumatatu. Kioo ni cha yakuti samawi ya kiwandani, ambacho mchanga wa kawaida haukikwaruzi. Vertex, mmoja wa wale 12, ilikuwa imekufa. Mwaka 2016 Don Cochrane, kitukuu cha mwanzilishi, aliifufua na kutoa M100 yenye uso wa 1945. Seiko 5, jina lisilohitaji utangulizi kwetu, ilikuwa na SNK809 ya milimita 37, ambayo wengi waliianzia, ingawa mashine yake haikuwa na kijiti cha kusimamisha sekunde wala haikukubali kutiwa ufunguo kwa mkono. Uso wake kwa kweli unafuata saa za marubani. Mashine ya 4R36 iliyokuja baadaye inafanya yote mawili.

Lakini tuseme ukweli ulivyo. Askari wa leo aliye kazini hana saa ya kutia ufunguo. Uingereza ilivuka mwaka 1980, pale CWC, kampuni aliyoianzisha Ray Mellor mwaka 1972, ilipoleta saa ya betri iitwayo G10. Nyuma yake kuna kijifuniko cha kufungua kwa sarafu, betri ibadilishwe bohari bila kuligusa kasha zima. Kando yake zikaja saa za kidijitali, na G-Shock ya Casio iliyozaliwa 1983 ndiyo unayoiona mikononi mwa wanajeshi wengi duniani. Anayetafuta kifaa tu, asiumize kichwa, anunue ya betri. Anayetaka ya kutia ufunguo anataka kitu kingine: mashine inayoweza kufunguliwa, kuoshwa, kutiwa mafuta na kurudishwa kazini na fundi mwenye meza, taa na mkono mtulivu. Hicho ndicho waraka wa 1964 ulichokikataa, na kwa kuwa hapa kwetu kituo cha huduma cha kampuni ya Uswisi kinaweza kuwa nchi nyingine kabisa, kwangu ndicho kigezo cha kwanza. Muulize fundi wako kabla ya kulipa kama amewahi kuifungua mashine ya aina hiyo na kama vipuri vinapatikana. Jibu lake lina uzito kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Kuhusu maji, mita 50 zinazoandikwa nyuma ya saa kama hizi ni kipimo cha shinikizo kwenye maji yaliyotulia na mpira mpya wa kuzuia maji. Mpira huo hukauka kwa joto na chumvi. Saa ya aina hii inafaa mvua na kunawa. Kabla ya kuingia nayo baharini, mpira ukaguliwe, na kila ikifunguliwa ubadilishwe.

Wapo watakaovutiwa na hizi mpya kisha wakatamani asili yenyewe, ya 1945 au kabla yake, na wapo wenye saa ya babu iliyolala kwenye sanduku tangu zamani. Kwenu, na kwa mafundi wenzangu hasa, nina ombi. Rangi ya radiamu iliyoacha kuwaka haijapoa. Kilichokufa ni unga wa zinki. Radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Saa ikiwa imefungwa na kioo kizima, hatari kwa mvaaji ni ndogo. Hatari iko kwenye vumbi. Ukiona tarakimu za kahawia zilizopasuka, doa la kuungua usoni, na hakuna alama ya tritiamu, T wala H3, ichukulie kuwa ni radiamu hadi ithibitishwe vingine. Usiikwangue ili uipake rangi mpya, usiipulize kwa mdomo, usiifungulie mezani unapolia chakula. Ifungie kwenye mfuko wa plastiki, na kama nchi yako ina mamlaka ya mionzi, kama Tume ya Nguvu za Atomiki ya Tanzania, waulize kabla bisibisi haijagusa mfuniko.